Ukanda wa Generosa na Salamu ya Wakwe

Katika miaka ile ya tisini, pale Magamba, hapakuwa na haja ya kuchungulia dirishani ili kujua kwamba Ambrosi Lyamba anapita. Mguu wake wa kushoto ulikanyaga kama miguu ya watu wote. Wa kulia uliipiga ardhi kofi. Hata kuku waliufahamu mlio ule, wakatoka mbio kumlaki.

Ambrosi alikuwa mrina asali. Msimu mmoja, huko kwenye pori la Ugalla, alianguka kutoka mtini akiteremsha mzinga, akaumia ubongo. Kumbukumbu zilirudi, maneno yakarudi, na ubishi wake ukarudi wote bila kupungua; mguu wa kulia peke yake haukurudi. Vidole vilining'inia, na asipoinua goti juu mithili ya korongo, ncha ya kiatu ilikwaa hata kwenye sakafu iliyofagiliwa. Daktari alimweleza mkewe, Generosa, kwamba kichwa kinatoa amri lakini mguu hausikii. Generosa alijibu kwamba ugonjwa huo anaufahamu, kwa kuwa ameishi nao tangu siku ya ndoa.

Kila asubuhi alimketisha mumewe, akapitisha khanga chini ya unyayo, akavuta vidole kuelekea gotini kama alivyofundishwa hospitalini, huku Ambrosi akilalamika kwamba hata mbuzi huchinjwa kwanza ndipo achunwe.

Mwaka 1996 binti yao, Cecilia, alichumbiwa na Malale, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake, Mzee Masunga, alikuwa amehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Siku wakwe walipoleta posa, Ambrosi alitoka kwa haraka kuwapokea. Kiatu kikakwaa kizingiti. Akaanguka kifudifudi, mikono mbele, miguuni pa wageni.

Mzee Masunga alikuwa mtu wa adabu, naye hakuwahi kuoza wala kuoa kwa Wakonongo, kabila la Ambrosi. Alidhani hiyo ndiyo salamu ya wakwe ya huku. Bila kusita alivua kofia, akalala chini naye. Wajomba wakafuata, kisha mashangazi, mwishowe mshenga, aliyekuwa amevaa shati jeupe. Ambrosi alipoinua macho aliona utosi wa mkwe wake, akaiacha iwe salamu.

Posa ilipokelewa. Hata hivyo Ambrosi aliapa kwamba hatamsindikiza Cecilia altareni. Kazi hiyo aifanye mdogo wake. Kuanguka uani, alisema, ni aibu ya nyumbani, lakini kuanguka kanisani na kumvuta binti pamoja na shela lake ni aibu ya parokia nzima. Cecilia alijibu kwamba asiposindikizwa na baba yake, harusi na isubiri.

Ndipo Generosa alipochukua mkasi. Alikata tyubu kuukuu ya baiskeli, akatengeneza ukanda wa kufungwa chini ya goti, na kipande kingine kilichoshuka hadi kwenye kamba za kiatu, ili mpira uvute vidole juu. Ukanda wa kwanza ulivuta mno. Ambrosi alitembea kwa kisigino, vidole vikitazama mbinguni, akauliza kama anapelekwa peponi kabla ya harusi. Mwingine ulifyatuka ukampiga jogoo. Hatimaye ukapatikana uliokubali, nao wakafanya mazoezi kati ya matuta ya karanga, Generosa akiwa bibi harusi, khanga kichwani badala ya shela, akimhimiza mumewe asitazame chini. Majirani tuliokuwa tukipita tuliwapongeza kwa ndoa yao mpya.

Siku ya harusi kofi lile halikusikika. Ambrosi aliingia na Cecilia taratibu, ukanda umefichwa na suruali, mbele ya kwaya iliyosahau ubeti kwa kumtazama. Alifika. Akamkabidhi Malale binti yake, akawapa wakwe mkono, akaenda kuketi. Generosa alilia ndani ya leso.

Baada ya misa, tukiwa chini ya turubai, mshenga alikuja na uso wa msiba. Alisema Mzee Masunga ameshindwa kula. Mkwe wake amemsalimu kwa mkono tu, kama mtu wa sokoni. Basi na aambiwe ni ng'ombe yupi wa mahari mwenye kasoro, abadilishwe leo hii, ili ndoa isianze na kinyongo.

Ambrosi alimgeukia mkewe. "Mama Cecilia, nikalale tena?"

"Na suti ya kuazima? Nenda kaseme ukweli."

Akaenda, akaketi kando ya Mzee Masunga, akapandisha suruali hadi gotini.

"Mzee mwenzangu, ng'ombe hawana neno. Siku ile sikukusalimu, nilianguka. Mguu huu haunyanyuki, na leo umenyanyuliwa na tyubu ya mama huyu."

Mzee Masunga aliutazama ukanda, kisha akawatazama wajomba. "Shemeji yangu yule, kiuno hakijanyooka tangu siku ile. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Mzee? Nilipoinua kichwa, nyie nyote mlikuwa mmeshalala."

Kicheko cha Mzee Masunga kilianzia mabegani. Kilipofika mdomoni aliomba sahani yake, na kabla hajamaliza kula alikuwa amemwuliza Generosa kama anaweza kumtengenezea ukanda mkubwa zaidi, kwa sababu ana maksai wa plau anayeburuta kwato.

Kwa miaka mingi baadaye, kila alipokuja kuwatembelea, mzee yule alisimama mbele ya kizingiti, kofia mkononi, akauliza kwa upole wote, "Leo ni mkono, au ni chini?" Na Generosa, kabla ya kumjibu, aliinama kwanza kuukagua ukanda.