Mgomba Uliovaa Kaunda Suti

Jamani, nimeshajicheka mwenyewe, kwa hiyo mna ruhusa. Mimi ni nesi wa zahanati hapa Ihembe, na juzi nilikuwa najiandaa kwenda Kayanga kupimwa upya ili cheti changu cha huduma ya kwanza kiendelee. Zamani tulifundishwa kumlaza mtu aliyeacha kupumua kifudifudi na kumvuta mikono. Siku hizi analazwa chali, unamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mdomoni.

Mtu wa kujifunzia sina. Nikachukua shina la mgomba lililoanguka, nikalivika koti la kaunda suti ya mume wangu ya kanisani, nikalilaza shambani. Nilikandamiza mpaka jasho likanitiririka.

Mara nikasikia yowe kwa jirani yangu, Mama Kokushubira. Kwetu yowe likipigwa, hakuna anayebaki nyumbani. Nikatimua mbio, na moyoni nafurahi kwamba nimempata mgonjwa wa kweli. Nilikuta wanaume wamekwishafika na mapanga.

"Mgonjwa yuko wapi?" nikauliza.

Mama Kokushubira akarudi nyuma. "Muuaji ndiye huyu. Nimemwona shambani kwake, anamkandamiza mumewe chini, na mume hatikisiki."

Kabla sijafumbua mdomo, mume wangu naye akatokea akihema, panga mkononi.

"Nani kauawa?"

Watu wakatazamana. "Ni wewe, Baba Asimwe," mmoja akamjibu.

Ikabidi niwapeleke wote shambani. Mume wangu aliutazama mgomba, akalitazama koti lake lililolowa utomvu, kisha akaniuliza taratibu kama mgonjwa amepata nafuu.