Dada Dama na Usingizi wa Waseem

Waseem akipanda ngazi kutoka mtaani, Dada Dama alikuwa akimshika kidevu kwa vidole viwili na kumnusa mdomo. Kila siku, baada ya alasiri.

"Kaimati," alikuwa akisema. "Na soda. Na hii... ngoja. Kahawa! Nani kampa mtoto kahawa?"

Mara nyingine alikosea, akasema bhajia kumbe ni sambusa. Waseem hakumjibu. Ndugu yangu ana miaka kumi na hasemi. Akitaka kitu hukushika mkono akakupeleka kilipo. Hospitali walisema ni usonji. Mtaani kwetu, Mji wa Kale, wanasema ni mtoto wa baraka.

Dada Dama alitoka Kaloleni. Mwanamke mrefu, sauti nzito, na akicheka hujiziba mdomo. Kwao alimwacha binti yake mdogo, Mbodze, kwa nyanyake, akaja kwetu kusaidia kazi za nyumba. Alitukuta tumechoka. Waseem alikuwa akiamka usiku wa manane, anarukaruka kitandani, anapiga ukuta kwa kiganja, mara anacheka, mara analia ameshika tumbo, na halali tena mpaka alfajiri. Mama yangu, Saliha, hushona mabuibui. Mchana alisinzia kwenye cherehani, na siku moja sindano ikampita kidoleni. Baba alishafariki. Mimi niliacha shule darasa la sita nimsaidie mama kupiga pindo. Usiku nilijaribu kumshika Waseem, lakini ana nguvu kunishinda.

Kodi yetu hulipwa na Chacha Jusab, mdogo wake baba, mwenye duka la matairi Makupa. Si mtu mbaya. Siku ile ya sindano alikuja, akaketi, akakitazama kidole cha mama kilichofungwa kitambaa.

"Saliha, ukianguka wewe, wote hawa wataanguka. Kuna bweni la watoto kama yeye, huko bara. Nishaongea nao. Idi Kubwa ikipita na bado halali, nampeleka."

 Mama aliendelea kukanyaga cherehani, na uzi ulikuwa umekatika zamani.

Wiki ile ile Dada Dama akamsukuma mama mpaka tukaenda kliniki, sote. Akatupokea mshauri wa lishe, Bi Becky, ambaye alimsalimu Waseem kwanza kabla ya kutusalimu sisi. Nilimpenda kwa hilo tu.

"Huyu jana alikula nini?" akauliza.

"Hali," mama akasema. "Mwanangu hali kitu. Chakula cha jioni haonji. Basi saa ya kulala humpa chai ya maziwa na mkate, asilale na njaa."

"Chai nzito?"

"Majani mengi. Ndiyo aipendayo."

Dada Dama akakohoa. "Bi Saliha, samahani. Waseem yuwala. Yuwala kunishinda mimi na Aqsa." Aqsa ndiye mimi. Akaanza kutaja: halua kwa Mzee Qaidjohar, kaimati kwa mama wa kona, soda kwa kinyozi, kahawa barazani kwa wazee.

Mama akamgeukia. "Na mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema, wacha wampe, ni baraka."

Mama akainamisha kichwa, maana kweli alisema.

Bi Becky hakumlaumu mtu. Alimbonyeza Waseem tumbo polepole, akasema limejaa choo kigumu, na bila shaka humuuma akilala. Vitamu vya mchana vinamnyima nafasi ya chakula, na chai na kahawa zinamkesheza. Akatuambia chai ya usiku iondoke, chakula cha jioni kiwe mapema, na matunda na maji yaongezwe.

"Na asubuhi akinywa uji, nani anatia sukari?"

Dada Dama akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Punguza, mama," Bi Becky akacheka. Kisha akasema kweli, na nimeishika mpaka leo. "Hii si dawa ya usonji. Waseem atabaki Waseem. Tunataka tu alale."

Kuondoa chai kulikuwa rahisi kuliko kuondoa baraka. Mtaani kwetu watu huamini mtoto kama Waseem akila mkononi mwako, riziki yako hufunguka. Mzee Qaidjohar, muuza viungo, akifungua duka tena baada ya mapumziko ya adhuhuri, hauzi hata pilipili moja kabla Waseem hajala halua yake. Basi Dada Dama akatushika mikono, Waseem huku na mimi huku, tukashuka.

"Salaam aleikum, mzee wangu."

"Wa aleikum salaam. Mlete, mlete kijana wangu!" Halua ilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Mzee, kliniki wamesema tumwachishe vitamu. Halali usiku."

Mzee Qaidjohar akavua miwani. "Mimi nimezaliwa mtaa huu. Wewe umekuja juzi, leo wanifunza sadaka? Mwamnyima mtoto riziki yake!"

"Simnyimi, mzee."

"Halua haijamkosesha mtu usingizi. Mimi naila kila siku!"

"Na walala?"

 Kinyozi wa ng'ambo ya njia akaangua kicheko. "Sema, mzee! Si wewe wapigia watu simu saa nane za usiku kuuliza bei ya iliki?"

Mimi sikucheka. Waseem alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea ile karatasi, na sauti yake ya kilio inaanza kupanda. Niliona Idi inakuja na sisi tuko pale pale. Dada Dama akatoa bakuli mfukoni mwake, vipande vya papai alivyokata nyumbani. Hakumpa Waseem. Alimpa mzee.

"Mpe wewe. Kwa mkono wako."

"Sadaka gani hii, ya kumpa mtoto kitu cha kwao?"

"Basi kesho nunua papai wewe."

 Mzee akachukua kipande, akampa. Waseem akakitema, kikaangukia gunia la bizari, akalia mpaka nyumbani. Kesho yake tulikuta papai zima juu ya mizani. Akatema tena. Lakini Mzee Qaidjohar ni mfanyabiashara, akishanunua kitu hakubali kitupwe. Siku ya pili yake alilikamulia ndimu na kulinyunyizia chumvi kidogo, na Waseem akala, akamshika mzee mkono, akaurudisha kwenye papai.

"Mwaona?" mzee akatangazia mtaa. "Mwaona! Kwangu hakatai!"

Baada ya hapo wengine hawakutaka kuachwa nyuma. Mama wa kaimati akawa anamwekea kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha. Wazee wa barazani walimpa kikombe kitupu akigongegonge, naye akatosheka, maana kumbe alichopenda ni ule mlio wa kikombe.

Usingizi haukuja siku moja. Mwanzo alililia chai yake, na Dada Dama akaketi naye ngazini, akimkunia mgongo na kumwimbia Kigiriama mpaka sauti ikamkauka. Jua halijatua tukawa tumeshapakua wali, mchicha, na samaki aliyetolewa miiba. Njaa ikamfunza kula. Tumbo likalainika. Akawa anaamka kwa muda mfupi, anaguna, anageuka. Aliyekuwa hawezi kulala sasa ni mama. Kimya kilimtisha, akawa anakwenda kumwekea Waseem mkono kifuani kuona kama anapumua.

Idi Kubwa ikafika. Chacha Jusab akaja na nyama na nguo mpya, akasema, "Leo nalala hapa nione mwenyewe." Tukamtandikia sebuleni. Asubuhi akaamka na hasira.

"Mbona hamkuniamsha alipoamka?"

"Hakuamka, Chacha," nikasema. Ni nadra mimi kumjibu.

Akaenda mlangoni pa chumba, akasimama. Waseem alilala chali, mdomo wazi. Chacha akasugua uso kwa viganja. "Basi. Nitawapigia simu wale, niwaambie haji." Kisha akaomba chai, na mama akampa.

Dada Dama alikuwa ameshamwambia mama kabla ya Idi, faraghani, kwamba amepata kazi ya jikoni katika shule huko kwao, ya mchana tu, na jioni atakuwa na Mbodze wake. Alikuwa akingojea tu neno la Chacha. Kwa hilo sijui tutamlipa nini. Alivumilia usiku wetu, na usiku wa kuwa na mwanawe akaukosa. Mama alimshonea buibui la hariri, yeye si Muislamu, akalichukua akacheka, akasema atalivaa akienda harusini.

Siku ya kuondoka, jua lilikuwa limeshapanda. Waseem bado amelala.

"Muage mtoto," mama akamwambia.

"Nimwamshe? Bi Saliha, siku zote hizi tumehangaikia nini?" Akajiziba mdomo, akacheka, macho yamejaa.

Alimvutia Waseem shuka miguuni. Akanipa mkono kama mtu mzima. Akatia mfuko begani, akashuka ngazi akinyata, viatu mkononi, asimwamshe. Nilimfuata mpaka kizingitini. Akavaa viatu, akakata kona, na hajarudi tena.