Firigisi Yangu

Kilichonichosha baada ya upasuaji si kidonda. Kidonda kilipona. Kilichonichosha ni kula. Daktari wa Kitale alikata karibu mfuko wote wa chakula, akashona kilichobaki, akaniambia nile kidogo kidogo na nitafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Basi nikawa mtu wa kula kutwa nzima, na bado suruali zilishikiliwa na mshipi tu. Nikizidisha tonge moja, jasho linanitoka, moyo unaenda mbio, nalala popote nilipo. Siku moja nililala sakafuni kwenye duka langu la spea za baiskeli pale Matisi, Kitale, mteja akasema nimelewa asubuhi yote hiyo. Sikuwa na nguvu ya kumbishia.

Kueleza nako kulinichosha. Ukisema umekatwa tumbo, watu wanakutazama tumbo, wanaliona lipo, wanakuona mwongo.

Mama alikuwa Bungoma. Nilipoenda kumwona mara ya kwanza tangu nitoke hospitali, alichinja kuku, akasonga ugali wa wimbi. Tangu baba afariki firigisi ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Niliila, nikala na matonge mawili, nikasukuma sahani. Mama hakuniuliza mimi. Alimwuliza mdogo wangu, nami nimekaa hapo hapo, kama huko Kitale nimefundishwa kuogopa chakula chake. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Iliniuma sana. Nikaivuta ile sahani nikaimaliza yote, na baadaye kidogo walinibeba hadi kitandani nikitetemeka. Mama alikaa kando yangu akinipepea kwa leso na kulia.

Safari iliyofuata nilimkuta jikoni akitengeneza kuku. Alikuwa ameipasua firigisi, anakung'uta changarawe na kuibandua ile ngozi ya njano ya ndani. Aliacha ghafla, akanitazama.

"Kumbe walikutoa filigisi," alisema.

Nikamwambia ndiyo, mama, ni hiyo hiyo. Nilicheka mpaka mshono ukanivuta. Maneno yote ya daktari hayakuwahi kufika hapo.

Chakula kilipoletwa, changu kilikuwa kwenye kisahani cha kikombe: ugali kiasi cha yai, mchuzi, na nyama laini ya kifuani. Nilishukuru kweli. Halafu nikaiona firigisi kwenye sahani ya mdogo wangu. Hakuwa ameigusa. Alikuwa ameinamisha macho tu.

"Iko ngumu, papa," mama alinibembeleza, kama alivyoniita tangu utotoni. "Itakusumbua bure."

Alikuwa amenielewa hatimaye, nami nikatamani asingenielewa.

"Mama," nikasema, "yangu walishatoa. Usinitoe na hii."

Alinyoosha mkono, akaichukua, akaiweka kwenye kisahani changu. Nikaanza kutafuna. Taya ziliniuma, mchuzi ukaganda kwenye bakuli, chai ikapoa. Wenzangu walishamaliza kula, lakini hakuna aliyenawa mikono kabla yangu.