Lango la dhahabu kwa boma la Mashuuru

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliachia shule darasa la sita, nikabeba mawe, nikalala kwa stoo ya simiti, na leo ukiona lango la maana hapa Kitengela, uliza nani alilichomelea. Kwa hivyo naibu wa mwalimu mkuu wa sekondari moja alipoingia karakana yangu na fomu mkononi, nilimpa kiti nikiwa tayari na majibu.

Akaeleza mpango wao. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanapelekwa kwa mafundi likizo ya Agosti, wiki nne. Fundi akitia sahihi, mwanafunzi anaendelea na somo la ufundi. Akikataa, basi, anatolewa.

"Kumbe mwalimu wa digrii anatafuta mtu wa darasa la sita amfundishie," nikasema.

"Ndiyo tumekuja, mkubwa," akajibu, macho kwa viatu. Hiyo niliifurahia wiki nzima.

Aliniachia msichana, mtoto wa wafugaji wa Mashuuru, mrefu, asiye na maneno. Nikampa fagio, halafu brashi ya waya ya kutoa kutu. Hakulalamika hata siku moja, na hilo likanikera.

Wiki ya tatu mzee mmoja wa huko kwao akaleta oda ya lango la boma. Nikamwuliza ako na ng'ombe wangapi. Akaniangalia kama nimemtukana, akasema, "Wako." Nikaelewa ni wengi. Nikamtengenezea lango la mita nne, la kufungua pande mbili, mikuki juu, rangi ya dhahabu.

Msichana akalizunguka. "Fundi, hii ni ya lori."

"Na wewe ni injinia wa ng'ombe?" Vijana wangu wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo.

"Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Jioni baba anasimama kwa lango, wanapita mmoja mmoja, anaangalia rangi. Mmoja akikosa, anajua. Hapa watapita kumi pamoja."

"Sawa, profesa. Mzee akilikubali, fomu yako inarudi bila sahihi. Akilikataa, natia sahihi mbele ya mwalimu wako."

"Sawa," akasema, akarudi kwa brashi.

Tukaenda naye Mashuuru, tukalisimamisha. Linang'aa kama meno ya mwanasiasa. Jioni ng'ombe wakaja, wakajaza lango lote kwa mara moja. Mzee akageuza shingo kushoto, kulia, kushoto, na kabla vumbi litulie ng'ombe wote walikuwa ndani, yeye nje, hajui nani amerudi.

Akaongea na msichana Kimaasai, kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Fundi, hii ni nzuri sana. Peleka kanisani. Mimi nataka ya ng'ombe."

Msichana akachora lingine chini kwa kijiti: mabomba matupu, jembamba, ng'ombe mmoja apite. Tukarudi karakana, akachomelea viungo mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa kibaya nikamkatia, akarudia. Fomu nilitia sahihi mbele ya yule naibu, polepole, nikamwambia sasa shule yake iko na mtu mmoja anayejua kazi.

Makanisa matatu yamelikataa lile la dhahabu. Mabomba mapya, rangi, na pikapu ya kwenda Mashuuru mara mbili: shilingi elfu arobaini na tatu, mia saba na hamsini, zote kutoka mfuko wangu.