Santuri ya Kijani Iliyoninyima Mke

Nacheka nikiisimulia, lakini ukweli ni kwamba mpaka leo nikipita Misima nashusha kofia machoni, na mtu mzima kujificha kwa sababu ya santuri ni aibu nyingine tena.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa Korogwe, nikamsaidia meneja mmoja mzungu wa shamba la mkonge kufunga mizigo arudi kwao, naye akanipa santuri ya muziki wa roki. Jalada lilieleza kwamba ni albamu maarufu ya zamani iliyotolewa upya, safari hii kwa rangi, na kweli ilikuwa ya kijani, ukiinyanyua unaona jua upande wa pili (santuri nilizozizoea mimi zilikuwa nyeusi kama chungu). Nikaibeba mpaka Misima nikiringa, na wa kwanza kukutana naye akawa Mzee Salehe, mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia ni baba yake Mwanaidi, msichana niliyekuwa nimempelekea posa na nasubiri jibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini, mwanangu?"

Siku zile muziki wa kizungu uliitwa kasumba, na mimi nilikuwa nataka mke, basi nikaitazama ile rangi, rangi ya chama kabisa, mdomo ukanitangulia: "Nyimbo za wakulima wa ng'ambo, mzee. Wanasifu kilimo cha pamoja."

Mzee akafurahi kupita kiasi. Jumapili kulikuwa na mgeni kutoka wilayani, akaagiza santuri ipigwe mkutanoni kwenye gramafoni ya betri ya shule, na mimi, kwa kuwa nilifika darasa la nane, nitafsiri.

Basi magitaa yakaanza kulia, nikasema hapo trekta linawashwa. Mwimbaji akapiga ukelele, nikasema anawakemea wavivu. Watu wakapiga makofi, kichwa kikavimba (hapo ndipo ningekaa chini), nikawafundisha kiitikio na kina mama wakakipokea, Mwanaidi akiimba kwa sauti kuliko wote kwa sababu aliniamini.

Mgeni akauliza kwa upole, watu wote wakisikia, "Kijana, mbona huyo mkulima wako anamwomba mwanamke amfungulie mlango?"

Mwanaidi akajifunika uso kwa khanga. Baba yake akanitazama weee, kisha akasema, "Kama kijiji kizima umekidanganya mchana, binti yangu utamwambia nini usiku? Posa yako njoo uichukue."

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini kilichonimaliza ni yule mgeni: "Ila muziki wenyewe mtamu, mwenyekiti. Hebu rudieni."

Wakarudia, wakacheza mpaka vumbi likatimka, hata Mzee Salehe mabega yalimcheza, na mimi ndiye niliyesimamishwa pale kuigeuza santuri upande wa pili. Mwanaidi aliolewa Kwashemshi baada ya mavuno, na iliniuma, sifichi. Tangu hapo nimeapa: nikiulizwa nimebeba nini nitasema nilichobeba, hata kiwe chupa ya gongo na anayeuliza ni baba mkwe.