Siku Niliyomkimbia Mtu wa Kayaki

Watu wakisikia natoka Kenya huniuliza nakimbia kilomita ngapi. Nikiwaambia mimi hata nikifukuzwa na mbwa naanguka, wanacheka, wanadhani najishusha. Ninachojua ni kuogelea. Nililelewa kando ya ziwa, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kuvuka kutoka jiwe moja hadi lingine bila kumeza maji. Ndiyo maana mkataba wangu wa ulinzi ulipokaribia kwisha hapa Doha, na kampuni ikatuambia waziwazi kwamba haitauongeza, nilienda kwa Madam.

Madam ni Mlebanoni, msimamizi wa bwawa la wanawake kwenye klabu ambayo nilikuwa nalinda lango lake. Alikuwa anatafuta mwokoaji, mwanamke wa kukaa kwenye kile kiti kirefu na kuangalia watoto na mama zao wasizame. Alishaniona nikiogelea baada ya zamu, kwa ruhusa yake. Akasema maji ya bwawa ni ya kuchezea, yeye anataka mtu aliyeionja bahari. Klabu ilikuwa inapeleka watu kwenye triathloni ya mjini: unaogelea baharini, unatoka unapanda baiskeli, unashuka unakimbia.

"Maliza," akasema. "Hata uwe wa mwisho. Ukimaliza, kazi ni yako, na viza nitaishughulikia mimi."

Sasa wacha nikwambie kwa nini neno hilo lilininyima usingizi. Mama yangu figo zake zimekufa. Mara mbili kwa wiki anaunganishwa na mashine hospitalini, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Akikosa wiki moja anavimba mpaka macho hayafunguki. Mashine hiyo ilitegemea mshahara wangu, mtu mwingine hakuwepo. Kurudi nyumbani bila kazi kulikuwa ni kwenda kumzika. Nilijua hivyo, na yeye alijua, ingawa kwenye simu tulikuwa tunazungumzia kuku wake.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na ile baridi ya Januari ambayo watu wa nyumbani hawaamini kwamba iko Uarabuni. Mwenzangu wa chumba, Mganda, mpishi wa hoteli, aliamka kabla yangu akachemsha chai. Aliponiona navaa akakunja uso.

"Utatoka hivyo, umepauka, mbele ya watu wote hao?"

Akanivuta, akanipaka mafuta ya mgando usoni, shingoni, mikononi, kama mtoto wa nasari anayesubiriwa na gari la shule. Sikubisha. Sisi baridi tunaitibu hivyo. Kisha akachovya pamba kwenye mafuta akaniziba masikio, kwa sababu maji baridi yakiingia kichwani, alisema, hiyo ni nimonia moja kwa moja. Mama yake alikuwa akimfanyia hivyo, na mama yangu alinifanyia vivyo hivyo tulipokuwa tukienda ziwani wakati wa mvua. Tukaomba pamoja, tukafunga mlango, tukatembea hadi kituo cha basi.

Kule Kornishi, barabara ya ufukweni, bahari ilikuwa shwari tulipofika, na majengo marefu ya ng'ambo yalionekana vizuri. Wenzangu walikuwa na suti za mpira za kuzuia baridi. Mimi nilikuwa na vazi langu la bwawani, refu na jepesi. Mwamuzi akatueleza masharti, na moja lilinishika: watakaochelewa sana watatolewa majini na watu wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki, na ukishapandishwa kwenye kayaki, mashindano yako yamekwisha. Nilimtazama Madam aliyekuwa amesimama na koti lake kando ya kamba. Alinipungia mkono. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, nikaingia.

Baridi ilinipiga kifuani, pumzi ikakataa. Nilisimama majini nikihema, wengine wakinipita huku wakinipiga mateke. Nilipopata pumzi nikaanza kwenda, na hapo miwani ya kuogelea ikaanza kuteleza. Uso ulikuwa na mafuta, mpira haukushika ngozi. Nikaikaza, ikateleza tena. Maji yakaingia, mafuta yakapaka vioo, na dunia nikawa naiona kama unavyoona kitu kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Boya la kwanza lilikuwa doa la rangi ya chungwa. La pili nililikisia tu.

Halafu upepo ukageuka. Wenyeji wanauita shamali, unatoka kaskazini na unabeba jangwa zima mgongoni. Mara moja majengo yakapotea, mawimbi yakaanza kunipiga makofi, nikameza chumvi na mchanga pamoja. Niligeuka kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna mtu. Nikajua wote wameniacha. Nililia mle mle majini, sioni aibu kusema. Nilimwambia Mungu kama anamtaka mama yangu amchukue kwa njia nyingine, asinifanye mimi niwe sababu.

Hapo ndipo nikaona kitu cha manjano kikija. Kayaki. Mtu aliyekuwa ndani alikuwa ananipungia mkono kwa nguvu, mashavu yamemvimba. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, amekuja kunitoa kwa kuchelewa. Akaja kushoto, nikakata kulia. Akazunguka, akaweka kasia mbele yangu, nikapita chini yake. Nilimpigia kelele kwa Kiswahili aniache, nina mama. Sikuwahi kuogelea hivyo maishani. Mikono ilikuwa imekufa ganzi lakini ilikwenda, na yeye akanifuata hivyo hivyo hadi goti langu likagonga mchanga.

Niliinuka nikayumba kuelekea kwenye baiskeli. Baiskeli zote zilikuwa pale pale, hakuna hata moja iliyoondoka. Watu wote walikuwa wamekaa mchangani wamejifunika mablanketi, wananitazama. Mwamuzi akanizuia kwa mikono miwili, midomo yake inakwenda nami sisikii. Ndipo nikachomoa pamba. Upepo, spika, watu wakiitana, vyote vikaingia kwa pamoja. Nyuma yake bendera nyekundu ya kusimamisha mashindano ilikuwa inapigwapiga na upepo. Sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikusikia hata filimbi.

Madam akaja, hana hasira. Laiti angenitukana.

"Walipiga filimbi mpaka wakachoka," akasema. "Wote walirudi. Yule wa kayaki alibaki na wewe, na kule nyuma kulikuwa na watu wawili wanazama."

"Wako salama?"

"Wako salama. Walitolewa na wengine."

"Madam, sikusikia. Ulisema nimalize. Nimeogelea yote, umeniona."

"Nimekuona." Alitazama pamba mkononi mwangu. "Mwokoaji anafanya kazi kwa filimbi. Watoto wangu mwenyewe wanaogelea kwenye lile bwawa."

Nilipiga magoti kwenye mchanga wenye maji, nikamshika koti. Nilimwambia habari za mama, za mashine, zote, mambo ambayo sijawahi kumwambia bosi yeyote. Akainama akanifunika blanketi lililokuwa begani mwake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi au kwa kitu kingine. "Khalas, yamekwisha," akasema polepole. "Inuka, utaugua." Akaenda zake kwa wengine.

Mwenzangu alinishika mkono hadi kituoni. Njiani akauliza kwa sauti ya chini kama ni ile pamba. Nikamwambia ni upepo, akaniamini, au alijifanya.

Ndani ya basi simu ikalia. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mama ya mashine. Nilikuwa nimemwambia kwamba nikifika mwisho wa mashindano kazi ni yangu.

"Ulifika, mwanangu?"

Nilitafuta neno lingine, sikulipata. "Nilifika, mama."

Nikamsikia akigeuka kuwaambia wenzake wa vitanda vya jirani, sauti yake nyembamba juu ya mlio wa mashine: amefika, binti yangu amefika, kazi amepata. Mtu akapiga kigelegele. Nesi akacheka. Mama akarudi kwenye simu akauliza mbona meno yangu yanagongana, nikasema ni baridi. Akaniambia nikajifunike vizuri, ninywe kitu cha moto, na kwamba daktari alikuwa amemuuliza kuhusu mwezi ujao, na sasa atamjibu asiwe na wasiwasi.