Besi Lililopashwa Moto

Nilianza kujifunza besi la kusimama nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa sababu ya chuki. Wapigaji wengine husema walivutiwa na sauti yake. Mimi nilitaka kumfunga mdomo mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mpiga solo na kiongozi wa bendi yetu ya Masasi, mwenyeji wa Lupaso, seremala kwa kazi na mwenye dharau kwa tabia. Nilikuwa nimempigia gita la besi miaka tisa, wakati vyombo vikiwa mali ya chama cha ushirika. Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa korosho wakajaa mji mzima, ushirika wetu ukafa, na vyombo vikaangukia kwa tajiri mmoja mwenye baa pale Mkomaindo. Tajiri alikuwa na mpwa, na mpwa alikuwa na kinanda cha umeme kilichotoa besi kwa kidole kimoja. Gita langu likatundikwa ukutani kuwa pambo, na kiongozi hakunitetea hata kwa neno moja.

"Kinanda kinatosha," alisema. "Labda uje na besi lako mwenyewe."

Nikalitafuta. Padri mmoja mzee, Mzungu, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, na katika stoo yake kulikuwa na besi kubwa la mbao, refu kunizidi, ambalo hakuna aliyelitaka. Nilimsaidia kupigilia makasha siku tatu, akanipa. Kiongozi aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Ntu nzima hajifunzi chombo kipya, bwana. Haya, mwezi wa saba tunaanza mazoezi ya dansi za msimu wa korosho. Uje nalo. Ukiliweza, unabaki. Ukishindwa, ukalime."

Basi nikajifunza, nyumbani kwangu Newala, nilikokuwa nimerudi kulima, kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Nililichukia lile dude. Gita la besi lina vyuma shingoni vya kukuonyesha pa kubonyeza, lakini hili lina ubao mtupu, na kidole kikikosea upana wa punje ya mtama, sauti inakuwa ya mbuzi. Nilibandika vipande vya plasta ya hospitali shingoni viwe alama. Nyuzi zilinichubua vidole mpaka nikashindwa kushika jembe. Mwalimu wangu alikuwa redio, na betri zilipokwisha niliendelea kwa kukumbuka. Mke wangu, ambaye alikuwa akiteremka bondeni alfajiri kuchota maji na kurudi na ndoo kichwani, alivumilia miezi miwili.

"Baba watoto," akasema, "huyo ng'ombe wako nikimsikia tena kabla sijatua ndoo, nakwenda kwetu."

Nikamwambia aende. Hakwenda, ila alininunia wiki nzima, na alikuwa na haki. Mwezi wa sita nilibandua plasta zote. Nilikuwa naweza.

Siku ya mazoezi niliteremka na lori lililokuwa linarudi Masasi. Wakati huo wa mwaka Newala huamkia kwenye ukungu na baridi, na turubai la lori lilikuwa limechanika. Tulipofika, besi lilikuwa limelowa, nyuzi zimelegea, sauti imezubaa. Kiongozi alikuwa amekaa uani mwa baa, juu ya kreti la bia, akitengeneza nyuzi za gita lake.

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma, na kwetu ngoma haipigwi kabla ya kupashwa moto. Unakusanya nyasi kavu, unawasha, unaielekeza ngozi kwenye joto mpaka ikaze na sauti ipande. Nimeifanya kazi hiyo tangu utotoni. Kwa hiyo nilikusanya nyasi, nikawasha, nikaligeuza besi mgongo uelekee moto. Kiongozi aliweka gita chini akakunja mikono, akinitazama. Niligonga ubao kwa kidole, nikaona sauti inachangamka, nikalisogeza zaidi. Likaalika. Ubao wa mgongo ukaachana na mbao za ubavuni, kuanzia kiunoni mpaka chini.

"Gundi hiyo huyeyuka kwa moto," kiongozi alisema kwa upole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Wenzetu wawili walinishika, la sivyo ningemuumiza. Nilirudi Newala na lile besi limefungwa kamba, nikalia njiani kwa hasira, mtu mzima mwenye ndevu. Nilikwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya, nikalizungushia vipande vya tyubu za baiskeli na kuvikaza kwa nguvu, nikaliacha wiki mbili. Kisha nikarudi Mkomaindo bila kuitwa, nikasimama uani, nikapiga. Tajiri alitoka nje na kijiko mkononi, akasikiliza, akasema nibaki, na mpwa wake aachane na besi la kinanda.

"Umebaki kwa huruma ya tajiri," kiongozi aliniambia. "Bendi hii haikuhitaji."

Neno hilo lilinikaa kifuani kuliko lile la moto. Kutoka hapo, kila tulipopiga nilimsikiliza yeye tu, nikisubiri akosee. Alichelewa kukosea, lazima nikiri. Ilikuwa Jumapili moja katikati ya msimu, dansi la mchana, watu wana hela za korosho na ukumbi umefurika. Katikati ya solo ndefu alipotea. Vidole vilizunguka mahali pamoja vikitafuta njia, na mimi nikaondoa mkono kwenye nyuzi.

Nilitaka watu wote wasikie alivyo uchi. Lakini mpiga solo akinyamaza, wachezaji hudhani anapumzika. Besi ndilo walilokuwa wamesimamia. Miguu ikakosa pa kukanyaga, mstari wa mbele ukasimama, kisha ukumbi wote. Mama mmoja mnene, jasho likimtiririka, akapiga kelele: "Besi! Nyie, besi liko wapi?"

Kiongozi akanigeukia. Sikuwahi kumwona na hofu kabla ya siku hiyo.

"Piga," akasema.

"Unasemaje?"

"Piga, nakuomba."

Nilimwacha asimame hivyo kidogo mbele ya umati. Halafu nikapiga, na dansi likarudi. Tulikuwa pamoja miaka saba mingine, sijamsamehe mpaka leo, na katika miaka yote hiyo hakuanza wimbo hata mmoja bila kunitazama kwanza.